Siku ya Kumi na Nne ya Mwezi

Mwanangu Kemunto,

Jua bado liko juu ya migomba, Sabato haijaisha, kwa hiyo hujaanza kufunga mizigo. Nimekusikia hapo nje ukimwambia mama kwamba likizama tu utaanza na vyombo, halafu nguo, ili kesho mumeo Mose akija kukuchukua akute kila kitu mlangoni. Basi nina muda mpaka hapo. Nimejifungia chumbani nikasema nasoma somo la Sabato. Mungu anisamehe, nakuandikia wewe.

Usilicheke hilo neno, mwanangu. Najua mimi nina miaka kumi na saba na wewe una ishirini na sita. Najua wewe ni mdogo wake mama, umelelewa naye tangu bibi alipofariki, na kwa haki ningekuita Mama Mdogo mpaka kwenye karatasi. Lakini wewe ndiye uliyeanza. Kwa sababu nilipewa jina la bibi, Kwamboka, hujawahi kuniita kwa jina langu hata siku moja. Unaniita "Baba", ambalo kwa Ekegusii chetu ndilo mama. Mama anasema ulikuwa ukinibeba mgongoni, wewe mwenyewe mtoto, huku unanibembeleza: "Nyamaza Baba, mwanao yuko hapa." Nilipoingia darasa la kwanza nikamwambia mwalimu kwamba baba yangu, nikimaanisha mama, anashona marinda pale sokoni Marani, na amevaa rinda jekundu, darasa zima likaangua kicheko. Nadhani haya yangu ilianzia hapo. Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua mdomo, kwanza napima lugha.

Leo nimechagua Kiswahili. Kwa Ekegusii maneno haya yana macho. Nikiyaandika naona sura ya mama, naona sura ya mzee wa kanisa. Kiswahili kwangu ni kama sare ya shule, ukishaivaa hata mwili wako unakuwa jambo la darasani, unaweza kuutaja.

Mambo ya jiko, ya panya wa nyumba za kupanga, ya jirani wa kukopesha chumvi na wa kunyima, hayo mama atakuambia. Ameshaanza. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni deni la maneno.

Jana Ijumaa tulikuwa tukimenya ndizi za Sabato, mimi na wewe, miguu kwenye maganda. Ulikuwa umefurahi. Ukasema, "Baba, ni vizuri nahamia Kenyenya. Sasa tarehe kumi na nne haitatupita tena."

Nikakuuliza, "Kumi na nne kuna nini?"

Ukaniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini jua linachomoza mashariki. "Si wewe mwenyewe ulinitafsiria? Muuguzi alisema siku ya kumi na nne ya mwezi."

Niliangusha kisu. Nikasema naenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa mzima, alikuwa anacheua, akaniangalia mpaka nikaona haya hata mbele yake.

Mwanangu, rudi nami pale hospitalini, likizo ya Agosti mwaka jana. Mlikuwa mmeoana mwaka mmoja na ushee, Mose akiwa karani katika ofisi Kenyenya, anaishi chumba kimoja na wenzake, na wewe uko kwetu unamfumia mama masweta dukani. Ulinichukua kwa sababu uliogopa Kiswahili cha hospitali. Cha sokoni unakijua kuliko mimi, unaweza kubishana bei ya uzi mpaka mtu akupunguzie kwa uchovu. Lakini muuguzi alikuwa mama wa Pwani, maneno yake yamenyooka kama yamepigwa pasi. Alisema hedhi. Alisema mzunguko. Alisema yai kupevuka. Hayo hayauzwi Marani. Kila mara ukanigeukia: "Baba, anasema nini?" Naye muuguzi akashangaa, kijana wa sketi ya shule anaitwa baba.

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi ya nje kulikuwa na mzee mwenye fimbo, na wavulana wawili wa shule jirani na yetu, mmoja namjua kwa jina. Muuguzi akainua sauti, maana nadhani alizoea watu kujifanya hawasikii.

"Mwambie atazame ute," alisema. "Siku zake zikikaribia atauona mwepesi, unateleza, unavutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi. Hizo ndizo siku za kukutana na mumewe. Mweleze mama yako mdogo, usione haya, ni mwili tu."

Ukanigusa goti. "Baba, anasema nini kuhusu mayai?"

Mzee wa fimbo aligeuza sikio. Nikasema, "Anasema ule mayai."

"Mangapi?"

"Mengi."

Muuguzi, ambaye hajui neno la Ekegusii, aliona umeitikia kwa kichwa, naye akaitikia. Wote wawili mkaridhika. Mimi peke yangu nilijua kilichopotea katikati.

Na ukala, mwanangu! Miezi mingapi ulikula mayai kwa uaminifu, asubuhi na jioni, mpaka mama akasimama mbele ya banda akiwauliza kuku, "Nyinyi mmegoma, au kuna fisi wa miguu miwili hapa?" Wewe ukanikonyeza. Ulidhani tunashirikiana siri. Kila ulipopasua yai kwenye kikaango, ule ute ukateleza mbele ya macho yako, maneno ya muuguzi yalikuwa pale pale ndani ya kikaango, nami nikanywa chai yangu.

Hilo la mayai nilikuwa nalijua. Nilijiambia mayai hayajamdhuru mtu. Hili la tarehe kumi na nne sikulijua mpaka jana, na ndilo limenitoa usingizi.

Muuguzi alikuuliza hedhi yako huja baada ya muda gani. Ulimjibu mwenyewe, kwa Kiswahili chako, "Yangu huchelewa. Wiki tano." Akasema hiyo si kuchelewa, huo ndio mwendo wako. Halafu akanieleza mimi, polepole, kwamba mwenye wiki tano asihesabu kama mwenye wiki nne. Nami kichwani nilikuwa na mchoro wa Baiolojia, ule wenye duara, ambapo kwenye mtihani ukiandika kumi na nne unapata alama. Nikaona mambo ni marefu, wale wavulana bado wapo, acha nifupishe. Nikakuambia: "Siku ya kumi na nne ya mwezi."

Neno "mwezi" ndilo lililotuponza. Kuna mwezi wa mbinguni, kuna mwezi wa kalenda, na kuna mwezi wa mwanamke. Mimi nilisema wa mwanamke. Wewe ukasikia wa kalenda.

Sasa naelewa mambo ambayo nilikuwa nayacheka. Naelewa kwa nini Mose alikuwa akija tarehe kumi na nne hata ikiangukia Jumatano ya mvua, viatu mkononi, matope hadi magotini, na asubuhi kabla kuku hawajashuka ameshaondoka. Alitusimulia mwenyewe mezani jinsi wenzake ofisini wanavyomsema.

"Huyu ana chama gani cha tarehe kumi na nne?"

"Si chama, ana mke wa pili Marani."

"Marani ndiko kwa mke wa kwanza."

"Basi wa pili yuko hapa Kenyenya, ndiyo maana anamkimbia."

Tulicheka wote. Wewe ulicheka ukiangalia sahani. Mwanamume amejikokota kuvuka nusu ya Kisii, mwezi baada ya mwezi, kwa ajili ya tarehe niliyoitoa mimi kwenye mchoro. Na wikendi nyingine, zile ambazo huenda ndizo zilikuwa zenu, ulimwambia asijisumbue, apumzike.

Nakumbuka pia siku ile dukani Mama Obed alipoleta mjukuu apimwe sare. Akashika kile kisweta cha mtoto mchanga ulichotundika mlangoni. "Kemunto, mikono yako ina baraka. Vya watu unafuma vizuri hivi, chako utafuma lini?"

Ukasema, "Nitafuma, mama. Uzi haujafika."

Mama yangu hakuinua macho kwenye cherehani. Alisema, "Mama Obed, nyoosha mkono wa mtoto nipime. Mdomo wako usinyooshe, huo ni mrefu tayari."

Watu wakacheka, Mama Obed naye akacheka, maana hana ubaya, ana mdomo tu. Lakini mimi nilikuona ukihesabu nyuzi za bega la sweta moja mara tatu, kila mara unaanza upya. Nilifikiri unahuzunika kwa jambo la Mungu. Kumbe lilikuwa jambo langu.

Sasa nisikilize. Nitakuambia alichosema muuguzi, chote. Ndiyo tabu ya mtu mwenye haya, hasemi lakini hasahau.

Mwezi wako hauna habari na kalenda iliyo ukutani. Unaanza siku ile unapoona damu kwa mara ya kwanza. Si siku ilipokatika, siku ilipoanza. Unaisha siku moja kabla ya damu nyingine. Kwa wengine ni wiki nne, kwa wengine pungufu kidogo, kwako tano, na yote ni mwendo wa kawaida ya Mungu. Yai hupevuka kama wiki mbili kabla ya hedhi *ijayo*. Muuguzi alilirudia neno hilo, ijayo, akigonga meza. Wale wa wiki nne, wakihesabu mbele au nyuma wanakutana katikati, ndiyo maana kitabu changu kinasema kumi na nne. Wewe ukihesabu hivyo unafika mapema, kama mgeni anayefika harusini wakati mapambo bado hayajafungwa. Kwako ni kuelekea mwisho wa wiki ya tatu.

Na yai lenyewe halingoji. Linakaa siku moja tu, likikosa mwenzake limekwisha. Lakini mbegu ya mwanamume ina subira, inaweza kungoja ndani siku kadhaa, hata tano. Kwa hiyo siku zenu ni zile za kabla, pamoja na hiyo yenyewe. Si usiku mmoja wa kumwita mtu kwa simu kama fundi wa mabati. Muuguzi alisema wiki hiyo mkutane kila baada ya siku moja au mbili, bila kukimbizana, bila kumvizia. Alisema hata kuhesabu kunaweza kukosea, kwa kuwa ugonjwa, safari, mawazo, yote yanasogeza siku. Ndiyo maana alikuambia utazame ute. Baada ya damu kuna ukavu, kisha unakuja mzito, kisha siku fulani ule wa yai bichi. Hapo mwili unasema wenyewe, na kwa lugha ambayo haihitaji Kwamboka atafsiri.

Nimeliandika.

Kuna la tatu, na hili ndilo zito. Ulipokuwa umesimama kuondoka, muuguzi alisema, "Mwaka umepita. Mje wote wawili mpimwe. Mtoto hatafutwi na mtu mmoja." Mimi nikakuambia, "Anasema uje tena." Wewe. Peke yako. Sikujua kwa Ekegusii mtoto kama mimi anasemaje mbele ya wazee kwamba mwanamume naye apimwe. Neno moja, wote, nikalimeza, na nilipolimeza, lawama yote ilibaki upande wako. Ndiyo maana mama mkwe wako kule Nyamira alikuletea ile chupa ya mizizi wewe, hakumletea mwanawe. Ndiyo maana uliinywa na tumbo likakuuma siku mbili. Simlaumu yule mama, alitoa alichokuwa nacho kwa mapenzi. Lakini usiinywe tena kabla hujamwonyesha mtu wa hospitali. Vile vidonge vidogo vya foliki alivyokupa muuguzi, vya kuuandaa mwili kwa mimba, uendelee navyo. Hivyo nilivitafsiri sawasawa, kwa kuwa havina aibu.

Labda hamna tatizo lolote, ni tarehe tu iliyowachezea. Labda lipo, kwako, au kwa Mose, au kwa wote. Sijui, na sitajifanya najua, nimeona kujifanya kunafika wapi. Nendeni pamoja. Kenyenya kuna zahanati, na mkiambiwa mfike Kisii mjini, fikeni. Mkikuta muuguzi anayesema maneno yaliyopigwa pasi, mwambie arudie. Wewe unaweza. Mtu anayeweza kupunguziwa bei ya uzi anaweza kusema "rudia tafadhali."

Ngoja nikuambie kilichonifanya nilie jana kule zizini, maana nililia kidogo.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la saba? Nilitoka shuleni nimefunga sweta kiunoni, jua kali, nikajificha nyuma ya jiko kwenye migomba. Nilidhani nimeumia ndani. Sikutaka kumwambia mama, maana ningemwambia kwa lugha gani? Wewe ulikuja kutupa maganda ukanikuta. Ulitazama lile sweta, ukatazama uso wangu, ukaketi chini kwenye majani makavu kama mtu aliyekuja kupumzika tu.

"Kumbe Baba amekuwa mtu mzima," ulisema. "Sasa mwanao atakutuma nini tena dukani?"

Nikacheka na machozi yakiwa bado yanashuka. Ulinipa maji ya moto, ukanionyesha namna ya kuvaa pedi, ukanigeuzia mgongo nilipovaa. Kisha ukaniambia jambo ambalo mwalimu hakuniambia wala mchoro haukuniambia. Ulisema, "Mwezi wa mama yako huja kila wiki nne kama mtu wa mshahara. Wangu mimi wiki tano, unapenda kuzurura. Wako bado tutauona. Usijipime kwa mwingine, Baba. Wewe jiangalie, utajijua."

Unaona, mwanangu? Ulikuwa unalijua. Kabla ya muuguzi wa Pwani, kabla ya Baiolojia, ulikuwa umeketi kwenye majani ya migomba ukilijua. Nami nikaja na kumi na nne yangu ya kitabuni nikaifunika elimu yako, ukaniamini, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Na kwa kuwa unaniita mama. Sasa nakurudishia kilicho chako. Jiangalie, utajijua.

Mtoto akija, mama atashona, wewe utafuma, nami nitambeba mgongoni nimlipe yale uliyonibeba. Akichelewa, au asipokuja, sitakuandikia maneno ya kukufariji kama yale wanayosema watu wakiangalia pembeni. Nitakuambia hili tu, kwamba mimi niliitwa mama kabla sijaota meno, na sikumzaa mtu. Ni wewe uliyeniita. Hilo jina lilinitosha kuwa wako. Na wewe Mose amekuchukua kwa jina lako, Kemunto, si kwa jina la mama fulani. Hajavuka matope kwa ajili ya kalenda peke yake. Hata mimi mwenye haya nimeliona, namna anavyovua viatu mlangoni halafu anakutafuta kwa macho kabla hajatusalimia.

Ukimaliza kusoma, mpe naye asome. Mpe yote, hata sehemu ya mayai. Acheke kwanza, kisha mzungumze.

Barua hii nitaitia ndani ya birika la chai. Sufuria unaweza kukaa nazo siku tatu hujazifungua, lakini najua kesho jioni, hata kitanda hakijaungwa, utatafuta birika.

Mwanga umepungua, sasa naandika karibu na dirisha. Mama ameanza wimbo wa kufunga Sabato. Nakusikia unaburuta kitu uani, na sauti yako hiyo hapo: "Baba! Weee Baba! Somo gani hilo lisiloisha? Njoo unishikie godoro!"

Nakuja, mwanangu.

Leo ni tarehe kumi na moja. Kumi na nne ni Jumanne tu. Mwache Mose aende kazini, wewe ufue nguo.

Ni mimi mama yako,
Kwamboka